Kompyuta ya nyumbani: kazi kwanza, mashine baadaye

Mwaka 1965 kompyuta ya kwanza nchini Tanzania ilifungwa katika Wizara ya Fedha. Miaka tisa baadaye, mwaka 1974, serikali ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta na vifaa vyake kutoka nje. Kati ya matukio hayo mawili limo somo ambalo halijachakaa. Mpango wa kuzitia hesabu za Hazina katika mashine ulikula fedha nyingi bila kuzaa matunda yaliyotarajiwa. Mashine ilitangulia; maandalizi ya kazi na ya watu wa kuiendesha yakafuata nyuma. Marufuku hiyo ililegezwa polepole, na katika miaka ya 1990 mlango ukafunguliwa.

Uamuzi ambao zamani ulikuwa wa wizara sasa umeingia sebuleni. Mwalimu anayetaka kutunga mitihani nyumbani, karani wa halmashauri anayejiendeleza kwa masomo ya jioni, mzazi mwenye mtoto kidato cha tano, wote husimama mbele ya kabati la duka, Kariakoo au mjini kwao mkoani, na muuzaji huwauliza: "Unataka ipi?" Wengi hujibu kwa kunyoosha kidole kwenye ile inayong'aa zaidi. Lakini kabla ya kuuliza mashine ipi, hapana budi kuuliza kazi ipi.

Hebu kazi zenyewe zihesabiwe. Mwalimu huandika azimio la kazi, andalio la somo, mitihani na orodha za matokeo. Mtumishi wa ofisini huandika barua na taarifa, hujaza majedwali, na huingia katika mifumo ya serikali kama vile ESS na PEPMIS, ambayo hufunguliwa kwa kivinjari cha intaneti. Mtoto husoma, hutazama mafunzo na huandika kazi zake. Katika orodha hiyo yote hakuna kazi inayodai mashine ya mhandisi wa majengo au ya mhariri wa filamu. Anayenunua nguvu asiyoihitaji ni sawa na mtu anayekodi lori la tani saba kubeba gunia moja la mkaa.

Baada ya kazi kujulikana, aina za mashine hujipanga zenyewe. Ya kwanza ni kishikwambi. Vishikwambi vilivyotumika katika Sensa ya Watu na Makazi ya mwaka 2022 viligawiwa kwa walimu kwa ajili ya kazi, kwa hiyo wapo walimu ambao tayari wana nusu ya jibu mkononi. Chombo hicho ni kizuri kwa kusoma, kurekodi takwimu na kuwasiliana. Udhaifu wake hujitokeza pale mwalimu anapotaka kuchapa mtihani wa kurasa sita wenye majedwali na michoro kwa kugusa kioo. Hata hivyo, kibodi ndogo isiyo na waya hupunguza adha hiyo kwa gharama iliyo mbali sana na ya kununua kompyuta. Mwenye kazi chache za kuandika aanzie hapo kabla ya kufungua pochi.

Ya pili ni kompyuta ya mezani. Kwa fedha ileile hutoa nguvu zaidi, kioo kikubwa kisichoumiza macho, na vipande vinavyobadilishwa kimoja kimoja vinapoharibika. Familia yenye watoto watatu inaweza kuitumia kwa zamu kwa miaka mingi. Lakini inataka umeme usioyumba, au kifaa cha akiba kinachoishikilia umeme unapokatika, na kifaa hicho nacho kina bei. Tena iko hesabu ya LUKU. Ikichukuliwa kwamba mashine ya mezani pamoja na kioo chake hula wati 120 na kompyuta mpakato hula wati 30, kwa saa nne kila siku, mwezi wa siku 30 ya kwanza itamaliza yuniti 14.4 na ya pili yuniti 3.6. Tofauti hiyo hulipwa kila mwezi, na haiandikwi kwenye kibandiko cha bei dukani.

Ya tatu ni kompyuta mpakato, na hapa ndipo wengi hutegwa. Kwa mwenye kipato cha mwalimu, bei moja humweka mbele ya mashine mbili: mpya ya daraja la chini kabisa, na ya mtumba iliyotoka katika ofisi za nje. Moyo hukimbilia ile mpya kwa sababu ina boksi na harufu ya dukani. Lakini mara nyingi mpya ya aina hiyo ina RAM ya GB 4 na nafasi ya kuhifadhi ya GB 64, na vyote viwili vimechomelewa ndani, havibadilishiki. Hicho ndicho kiwango cha chini kabisa kinachotakiwa ili kuendesha Windows 11. Maana yake ni kwamba mashine hiyo huanza maisha ikiwa imeegemea ukuta. Mfumo ukiongezeka uzito kidogo, haina pa kurudi.

Mashine ya mtumba iliyoundwa kwa matumizi ya ofisi kwa kawaida ina kibodi imara, na nyingi hukubali kuongezewa RAM hadi GB 8 au zaidi, na kuwekewa diski ya SSD mahali pa ile ya zamani ya kuzunguka. Badiliko hilo la diski peke yake humfanya mtu adhani amenunua mashine nyingine. Kwa kazi za mwalimu na za karani, hilo ndilo chaguo lenye busara zaidi.

Baadhi ya watu watasema kwamba mtumba ni kubahatisha, kwamba mpya ina dhamana. Hoja hiyo ina uzito, na haifai kudharauliwa. Lakini mtumba hubahatishwa na asiyeuliza. Mnunuzi na aiwashe mashine bila chaja kwa nusu saa, aone betri inavyoshuka. Abonyeze kila kitufe cha kibodi. Ahakikishe haidai nywila ya kampuni iliyokuwa ikiitumia kabla. Adai risiti ya EFD, na muda wa kuirudisha ikionyesha hitilafu uandikwe.

Kisha asome nambari ya prosesa, kwa maana katika nambari hiyo umo umri wa mashine. Prosesa ya Intel iliyoandikwa i5-8250U ni ya kizazi cha nane. Iliyoandikwa i5-6300U ni ya kizazi cha sita. Microsoft ilisimamisha huduma ya kawaida ya Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11, kwa prosesa za Intel, huanzia hasa kizazi cha nane. Tangu hapo maduka mengi duniani yana mashine nzima za kizazi cha sita na cha saba ambazo hazikubaliwi rasmi na mfumo mpya. Muuzaji asiyesema hivyo humficha mnunuzi jambo kubwa.

Je, mashine hizo za zamani ni za kutupwa? La. Zinaweza kuwekewa mfumo endeshi huria kama Ubuntu, pamoja na LibreOffice, ambayo huandika barua na majedwali na kuyafungua mafaili ya Word na Excel. Mafaili yenye mapambo mengi yanaweza kuvurugika kidogo, lakini mtihani wa Historia hautavurugika. Vyote viwili havina ada. Wala programu huria si jambo geni nchini: mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilishiriki kuitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi katika lugha ya Kiswahili. Anayelipia mashine kisha akaweka programu za wizi huikaribisha virusi mwenyewe katika mafaili ya wanafunzi wake.

Limebaki jambo zito kuliko yote, nalo ni mahali zinapotoka fedha za kununulia. Katika utumishi wa umma ipo kanuni ya kumlinda mtumishi ili makato yasimwachie chini ya theluthi moja ya mshahara wake. Lakini nje ya kanuni hiyo wako wakopeshaji wa mikopo ambayo wananchi wenyewe wameipa jina la kausha damu. Mtumishi humwachia mkopeshaji kadi yake ya benki na nambari ya siri, na mwisho wa mwezi huenda kuomba nauli katika mshahara wake mwenyewe. Kompyuta iliyonunuliwa kwa njia hiyo, hata ikiwa ya bei nusu, ni ghali. Mwalimu aliyeingia darasani akiwaza riba hana somo la kufundisha, awe na mashine au asiwe nayo.

Wahenga walisema mtu hujikuna ajipatapo. Kompyuta ya mtumba iliyolipwa yote, yenye RAM na diski ya kutosha, huandika andalio la somo lilelile linaloandikwa na mashine ya mamilioni. Mwanafunzi hatajua tofauti; atakachojua ni kama mwalimu alijiandaa.

Hata hivyo, wajibu huu si wa mtumishi peke yake. Ofisi inayodai taarifa zote zije kwa kompyuta inapaswa pia kujiuliza taarifa hizo zinaandikiwa wapi, na kwa chombo cha nani. Shule yenye mashine mbili nzuri katika chumba cha walimu, zinazotunzwa na kutumika kwa zamu, huwaondolea walimu ishirini mzigo wa kukopa. Na maduka yalazimishwe kuandika wazi kwenye kila mashine ya mtumba: kizazi cha prosesa, ukubwa wa RAM, aina ya diski na hali ya betri. Ni mambo manne tu, nayo yanaingia katika kipande kimoja cha karatasi.

Taifa lililipa gharama kubwa kujifunza, kati ya mwaka 1965 na 1974, kwamba mashine haiji kuitafuta kazi. Haitakuwa busara kwa kila nyumba kulipa tena ada ya somo hilohilo.