Miho Nakayama: filme ilipita, nyimbo zikabaki mpakani

Miho Nakayama alipofariki nyumbani kwake Tokyo, tarehe 6 desemba 2024, alikuwa na miaka 54. Siku ile ile alikuwa anangojewa Osaka kwenda kuimba. Wajapani walimlilia, hiyo inaeleweka. Lakini Korea ya Kusini nayo ilihuzunika, inchi ambayo Japani iliitawala kwa nguvu toka 1910 hadi 1945, na ambako kidonda kile hakijapona. Walimpendea nini kule?

Kwao Japani haina fumbo. Mwaka wa 1985 alitokea mu mchezo wa televisheni, akatoa wimbo wake wa kwanza, na mwisho wa mwaka akapewa zawadi ya waimbaji wapya. Ndiyo ilikuwa biashara ya wakati ule: binti mdogo anafundishwa kuimba na kuigiza, mchezo unauza wimbo, wimbo unauza mchezo. Wengi walisahaulika haraka. Yeye hapana: wimbo aliouimba na kundi WANDS mwaka wa 1992 ulipita nakala milioni 1.

Korea ni habari ingine. Kisha ukoloni, Seoul ilifungia mlango filme na nyimbo za Kijapani kwa miaka na miaka. Mwaka wa 1995 Shunji Iwai akatoa filme Love Letter, Nakayama akiigiza wanawake wawili wanaofanana sura. Mmoja anamlilia mchumba wake aliyefia mlimani, anamuandikia barua kwa anwani yake ya zamani, na barua inajibiwa! Hakuna vita, hakuna siasa. Ni theluji na barua tu. Wanafunzi wa Korea waliitazama kwa kaseti za kunakiliwa, mbele sheria haijaruhusu.

Oktoba 1998 Rais Kim Dae-jung alianza kufungua mlango, kidogo kidogo. Mwaka uliofuata Love Letter ikaingia mu sinema, ikatazamwa na watu zaidi ya milioni 1.

Lakini CD za nyimbo za Kijapani ziliendelea kukatazwa hadi januari 2004. Ni kusema Nakayama muigizaji alipita, Nakayama muimbaji akabaki inje miaka mine ingine. Wafanyabiashara wa muziki waliogopa ushindani, ni kweli. Ila kulikuwa pia wazee waliolazimishwa kusema Kijapani shuleni, na hata kubadilisha majina yao. Filme unaitazama, unatoka. Wimbo vijana wanarudi nao nyumbani mdomoni, mu luga ile ile.

Januari 2025, karibu mwezi mmoja kisha kifo chake, Love Letter ilirudi mu sinema za Korea kwa kutimiza miaka 30. Mabishano ya Seoul na Tokyo juu ya kazi za kulazimishwa, na juu ya wanawake waliofanywa watumwa wa ngono wa jeshi la Japani, hayajaisha.