Jibini la Wenye Ng'ombe Wachache

Wazee walisema, "Mgeni njoo, mwenyeji apone," lakini safari hii mgeni ndiye aliyepona.

Nilipozuru mashamba ya Ufaransa nilifika katika milima ya Jura, upande wa mashariki, karibu na mpaka wa Uswisi. Mwenyeji wangu, mzee mfugaji, aliniwekea mezani mkate, jozi, na kipande cha jibini la manjano liitwalo Comté. Kwa hakika nalikuwa nikiogopa jibini la Wafaransa kwa sababu ya harufu yake. Nililionja kwa adabu tu. Nikapata ladha ya siagi, kisha ya jozi zilizokaangwa, na mwisho utamu kidogo. Nikaomba tena.

"Mzee," nikamwuliza, "hili umelitengeneza mwenyewe?"

Akacheka. "Bwana, jibini moja zima lina uzito wa kilo 40 hivi, nalo lataka maziwa lita 400. Ningeyapata wapi peke yangu?"

Ndipo aliponieleza kwamba tangu karne ya 13 wakulima wa huko wamekuwa wakichanga maziwa yao, wapate jibini kubwa la kuwatosha wakati wa baridi. Hata leo maziwa hupelekwa kwenye kiwanda kidogo cha kijiji, na vingi vya viwanda hivyo ni mali ya ushirika. Ng'ombe hulishwa majani mabichi na makavu. Majani yaliyovundikwa ni marufuku. Kisha jibini hulazwa ghalani siku zisizopungua 120. Jina lake lililindwa kwa amri ya serikali mwaka 1958, na jibini lisilofikia alama 12 katika 20 haliwezi kuuzwa kwa jina hilo.

Jioni tulionja mvinyo wao wa njano, ambao hukaa zaidi ya miaka sita katika pipa. Chupa yake ni ya sentilita 62, maana, wenyeji husema, hicho ndicho kibakicho katika lita moja baada ya miaka hiyo. Watu hao wamejifunza subira.

Nikauliza tena, "Je, akitokea mtu akatia maji katika maziwa yake?"

Mzee akaacha kutafuna. "Huyo hajajiibia yeye peke yake," akasema. "Ameharibu jibini la majirani zake wote."

Nikainama, nikajifanya kuokota jozi. Nalikumbuka kiangazi kimoja nyumbani, na kopo la maziwa nililolipeleka chamani, na maji niliyoyaongeza alfajiri kabla mke wangu hajaamka. Hakuna aliyenikamata. Lakini maziwa yale yalichanganywa na ya jirani zangu, na bei tuliyopewa mwezi ule tuliinung'unikia sote, na mimi miongoni mwao.

Chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Ukipeleka maziwa yako kesho, ndugu yangu, kumbuka kwamba jina lililo juu ya kopo si lako peke yako.