Hadithi Iliyotolewa Ushahidi

Mwezi wa Mei mwaka 1868, katika ngome ya Fort Sumner huko New Mexico, kiongozi mmoja wa Wanavajo, kabila la wenyeji wa Amerika, jina lake Barboncito, alimkabili Jenerali William Sherman, aliyetumwa na serikali ya Marekani kukata shauri la maelfu ya mateka, akamweleza kwamba hapo watu wake walipoumbwa walionyeshwa milima minne na mito minne, wakausiwa waishi baina yake. Hakuwa na hati mkononi. Hoja yake ilikuwa riwaya aliyoipokea kwa wazee wake, nao kwa wazee wao.

Mateka hao waliswagwa hadi pale kwa miguu, mamia ya maili, baada ya askari wa Marekani, chini ya kamanda Kit Carson, kuyateketeza mashamba yao, na katika nyika ile ya maji ya chumvi mahindi yao yakawa yakiliwa na wadudu mwaka baada ya mwaka. Sherman alikuwa tayari kuwahamishia mbali zaidi, upande wa mashariki. Sidai kwamba hadithi peke yake ndiyo iliyomgeuza nia, kwani gharama ya kuwalisha nayo ilikwisha ichosha serikali. Lakini hadithi ilisikizwa kwa taadhima, makarani wakaiandika, na tarehe 1 Juni ukatiwa saini mkataba wa kuwarudisha kwao. Walipouona kwa mbali Mlima Taylor, ule wa kusini katika ile minne, wazee walilia kwa furaha.

Kwa Wanavajo, ambao wenyewe hujiita Diné, kila hadithi ina mahali pake na majira yake. Karibu na Mlima Taylor pacha wawili, wana wa Jua, walilipiga jitu Yé'iitsoh likafa, na damu yake iliyoganda ndiyo yale mawe meusi ya volkeno yaliyotapakaa bondeni. Katika korongo la Canyon de Chelly imesimama nguzo ndefu ya mwamba, maskani ya Mwanamke Buibui aliyewafundisha kufuma. Visa vya Koyote, mjanja asiyekwisha vituko, husimuliwa wakati wa baridi tu, nyoka na dubu wakiwa wamelala. Radi ya kwanza ikinguruma, msimulizi hunyamaza mpaka mwaka mwingine. Na waganga wao, ambao uganga wao ni nyimbo za kukesha, huweka kifurushi chenye udongo uliochotwa katika milima yote minne, ambao ndio nguzo ya sala za baraka.

Baada ya karibu miaka 140, hadithi ile ile ililetwa tena mbele ya wenye mamlaka. Mlima wa magharibi, San Francisco Peaks, uko karibu na mji wa Flagstaff katika Arizona, nao umo katika msitu wa serikali, ambayo iliwaridhia wenye uwanja wa michezo ya kuteleza watengeneze theluji kwa maji machafu yaliyosafishwa. Wanavajo, pamoja na Wahopi na makabila mengine, walishtaki. Majaji watatu wa rufaa waliwapa haki mwaka 2007. Mwaka uliofuata jopo kubwa la mahakama hiyo hiyo likaitengua hukumu, likisema kwamba hakuna mmea wala chemchemi itakayodhurika, kwamba uwanja wenyewe ni kama asilimia moja tu ya mlima, na kwamba kitakachoguswa ni hisia za waumini basi. Mwaka 2009 Mahakama Kuu ikakataa kuisikiliza kesi.

Mimi naiona hukumu hiyo kuwa dhuluma, tena dhuluma ya watu wenye elimu. Msomaji aliyelelewa katika udhu anafahamu bila kufafanuliwa kwamba najisi ikishaingia katika maji machache hatuulizi imeenea sehemu ngapi katika mia. Mganga aendaye kuchota udongo wa sala anauchota katika mlima mzima, ulio mwili mmoja, wala hawezi kuupima kwa ekari. Na jaji anayemwambia kwamba kilichoumia ni hisia zake amekwisha kanusha, kabla ya kumsikiliza, kwamba hadithi yaweza kuwa elimu ya kweli juu ya mahali. Sherman, mtu wa vita aliyezoea kuchoma miji, alimwachia Barboncito nafasi pana zaidi ya hiyo.

Sheria iliyofasiriwa kwa ufinyu huo ni ile ya mwaka 1993 ya kulinda uhuru wa dini, na Bunge la Marekani, lililoitunga, lina uwezo wa kuirekebisha, litamke waziwazi kwamba kuchafua mahali patakatifu ni kuwazuilia watu ibada yao, na kwamba riwaya za wenyeji zipokewe mahakamani kama ushahidi.