Kuosha Mboga Hakulipi Deni



Kila inapotajwa sumu iliyomo katika bustani za Lubumbashi, Likasi na Kolwezi, husikika jibu lile lile: akina mama waoshe mboga vizuri, na wataalamu wangojewe walete ushahidi kamili. Jibu hilo lina sura ya hekima, lakini ndani yake mna udhalimu.

Maji huondoa vumbi lililotua juu ya jani. Hayaondoi risasi wala kadimi iliyopanda kutoka udongoni kwa njia ya mizizi na kukaa ndani ya jani lenyewe. Lengalenga zilizokolea kijani zaweza kubeba metali nzito bila dalili machoni wala ulimini. Kadimi hukaa katika figo kwa miaka mingi na kuzidhoofisha polepole. Risasi huudhuru ubongo wa mtoto angali akikua.

Wala udongo huo haukujichafua. Tanuru la shaba la Lubumbashi lilianza kazi mwaka 1911, na kwa miongo mingi moshi wake ulitua juu ya mitaa na mashamba. Mama anayelima kando ya Kafubu hakuliwasha. Kwa nini basi yeye awe wa kwanza kuonywa?

Ama ushahidi, tunao. Mwaka 2009 watafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi na wenzao wa Leuven, Ubelgiji, walichapisha vipimo vya mkojo wa wakaaji wa Katanga: waliokaa karibu na migodi na viwanda walikuwa na kobalti nyingi kupita kiasi. Mwaka 2014 uchunguzi mwingine ulionyesha kwamba mboga zilizolimwa papo hapo ni njia kubwa ya kobalti hiyo kuingia mwilini, na kwamba vumbi nalo lina uzito wake kwa watoto.

Wengine hujificha nyuma ya viwango vya kimataifa. Ni kweli, viwango vya Codex kwa mboga za majani ni miligramu 0.2 za kadimi na 0.3 za risasi kwa kila kilo. Lakini kupima jani peke yake hakutoshi. Anayekula bukari na mboga za majani kila siku hawezi kuhesabiwa sawa na anayezila mara moja kwa juma. Tathmini ya kweli huuliza: mtu hula kiasi gani, ana uzito gani, amekula kwa miaka mingapi? Kisha hujumlisha maji, samaki na vumbi. Sahani ile ile humlemea mtoto kuliko baba yake.

Hatudai bustani zing'olewe. Maelfu ya jamaa huishi kwa hizo. Chokaa na samadi hupunguza metali zinazofyonzwa na mmea, ingawa hazizimalizi. Lakini nani anunue chokaa hiyo? Katiba ya mwaka 2006, katika kifungu cha 54, yasema kwamba uchafuzi utokanao na shughuli za kiuchumi sharti ufidiwe au urekebishwe. Nayo Sheria ya Madini, iliyorekebishwa mwaka 2018, humwajibisha mwenye kibali kwa madhara ya shughuli zake hata pasipo kosa wala uzembe. Sheria imekwisha kunena. Wanaonyamaza ni wale wanaopaswa kuitekeleza, pamoja na sisi tunaopaswa kuidai.

Kwa hiyo tudai, katika kila komini iliyo jirani na migodi: udongo upimwe, mboga zipimwe, miili ya watu ipimwe, matokeo yasomwe hadharani kwa Kiswahili, na gharama zibebwe na waliochafua. Kamati za walei katika parokia zetu zina watu wanaojua kusoma sheria na kuandika barua. Kalamu hizo zisilale.

Kumwambia maskini aoshe zaidi ni kumtwika mzigo wa tajiri. Wahenga walikwisha kutufundisha: dawa ya deni ni kulipa.