USIMSINGIZIE MUNGU

Kuna wahubiri wanaosema tonado za Marekani ni hukumu kwa wenye dhambi. Hebu tusaidiane. Novemba 17, 2013, tonado iliangusha mamia ya nyumba mjini Washington, Illinois. Ilikuwa Jumapili asubuhi, wengi wako kanisani! Dhambi yao ilikuwa gani, ibada? Walisikia onyo, wakajificha, wengi wakapona.

Soma Luka 13. Mnara wa Siloamu uliua watu 18. Yesu alikataa kusema walikuwa waovu kuliko wengine.

Nuhu alipoonywa, alijenga. Nawe ukisikia onyo la mvua kubwa hapa kwetu, hama kando ya mto, huku ukiomba. Na jirani akipoteza nyumba, mpelekee blanketi, si hukumu. Amina?