Kompyuta haioni joto la kisu



Siku hizi nikikaa na vijana wa ufundi huku Changamwe na Likoni, nasikia hoja moja: tukipata mashine za CNC shida ya vipimo imekwisha, maana kompyuta haikosei. Mimi kazi yangu ni kuandika programu, na hoja hiyo siikubali.

Tupige hesabu. Chuma cha feleji cha urefu wa mita 1 hurefuka kama mikroni 11.5 kwa kila nyuzi 1 ya joto (mikroni 1000 ni milimita 1). Sasa chukua kisu cha mashine ya kukereza, kimetokeza milimita 40 nje ya kishikio. Kikipanda joto kwa nyuzi 25 kitarefuka mikroni 11.5. Shafti inazunguka, kwa hiyo kisu kinaila pande zote, na kipenyo kinapungua mara mbili: mikroni 23! Shafti ya milimita 50 ya kuvalia beringi, kwa kipimo cha k6, inaruhusiwa kutofautiana mikroni 16 tu. Kazi imeharibika, na kwenye skrini namba ni ile ile.

Kwa nini? Programu inaamini kisu kina urefu ulioandikwa asubuhi. Zipo mashine zenye vitambuzi vya joto zinazojirekebisha, lakini hukadiria tu, na bei yake ni kubwa.

Halafu kuna kupima. Vipimo vya viwandani duniani huhesabiwa kwa nyuzi 20, nasi mchana huku tuna 30 na zaidi. Shafti na maikromita zikiwa za feleji na za joto moja, kosa karibu linafutana. Hatari ni kupima shafti ikiwa bado moto: ikipoa inasinyaa, beringi inacheza, na lori la watu linakwama njiani na mzigo.

Maoni yangu ni haya. Kabla ya kukopa pesa za CNC, tushike kwanza adabu ya joto: mashine ipashwe kabla ya kazi, maji ya kupozea yasikatike, kazi iachwe ipoe ndipo ipimwe, na mkato wa mwisho uwe mwembamba. Fundi anayejua hayo akipewa kompyuta atafika mbali. Asiyejua ataharibu vyuma vingi zaidi, tena kwa haraka.

Ni hayo tu kwa leo.