Jamani, Bcc sio pazia!

Leo nina hasira, mnivumilie.

Wiki iliyopita tangazo la mtihani wa sapu lilitumwa kwa wenye sapu wa kozi yetu, na aliyelipata akaweza kuona anwani za wenzake wote. Yangu ilikuwemo. Mmoja akalisambaza. Kufika kantini, kila mtu ananipa pole. Pole ya nini, wakati hata mama sijamwambia? Mshkaji aliyeandika skripti (simtaji) anajitetea: "Kaka, mbona niliweka Bcc! Mtandao tu ulizingua."

Hapana bwana. Mtandao ulifanya ulichoambiwa.

Imeili ni kama barua ya posta: kuna bahasha na kuna karatasi ndani yake. Seva inapeleka kwa kufuata bahasha, yaani amri ya RCPT TO. To, Cc na Bcc ni maandishi ya kwenye karatasi. Ukitumia sendmail ya Python, ukamwandika mtu kwenye Cc bila kumweka kwenye orodha ya wapokeaji, hapati kitu. Ukiandika Bcc kwenye karatasi, inasafiri nayo, na anayefungua maelezo ya barua anaweza kuisoma. Siri inatunzwa kwa KUTOANDIKA: anwani iende kwenye bahasha, karatasi ibaki safi. Au tumia send_message, yenyewe inaiondoa Bcc kabla ya kutuma.

Eti nakuza mambo? Mwaka 2015 kliniki ya 56 Dean Street, London, ilituma jarida kwa wateja wa huduma zake za VVU, anwani zaidi ya 700 zikiwa wazi. Mwaka 2016 hospitali inayoisimamia ikapigwa faini ya pauni 180,000. Na kwetu Tanzania tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022. Sio utani.

Msimamo wangu: jambo la siri la mtu lisitumwe kwa kundi kabisa. Kila mtu apate barua yake peke yake, ni mistari miwili mitatu tu ya programu. Na kabla ya kutuma, jitumie mwenyewe kwenye anwani zako mbili, fungua maelezo yote, uyasome. Dakika tano tu!

Haya, narudi kusoma. Sapu inanisubiri, na sasa wote mnajua.